Mahakama ya Juu haikufuta hukumu ya kifo

Wapo Wakenya wanaoamini hadi leo kwamba mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilifuta hukumu ya kifo. Haikuifuta. Kesi yenyewe, ile ya Francis Muruatetu, mfungwa aliyehukumiwa kifo kwa mauaji, inafaa kusomwa polepole.

Kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia atahukumiwa kifo. Awe kinara wa njama, awe aliyesimama mlangoni akilinda zamu, jaji hakuwa na hiari. Mshtakiwa aliweza kuomba ahurumiwe, maombi yakaandikwa kwenye faili, na hukumu ikawa ile ile. Tarehe 14 Desemba 2017 majaji waliamua kwamba huko si kusikilizwa, na Ibara ya 25 ya Katiba hairuhusu haki ya kesi kuendeshwa kwa haki ipunguzwe kwa namna yoyote. Kilichoanguka ni ulazima. Kifo kilibaki kuwa adhabu ya juu kabisa ambayo jaji anaweza kutoa akiona inafaa, kwani Ibara ya 26 inakubali mtu kunyimwa uhai pale Katiba au sheria iliyoandikwa inaporuhusu.

Hapo ndipo mkanganyiko ulipoanzia. Chini ya Ibara ya 163, uamuzi wa Mahakama ya Juu hufunga mahakama nyingine zote, kwa hiyo korti za chini zikaanza kupitia upya adhabu za wafungwa, hata waliofungwa kwa wizi wa mabavu na makosa ya kingono. Julai 2021 majaji wakafafanua: walichokifasiri ni kifungu cha 204 pekee. Anayepinga adhabu ya lazima ya kosa jingine aanzie Mahakama Kuu, kisha apande kwa rufaa. Kwa maoni yangu ufafanuzi huo ulikuwa sahihi kisheria, ila ulichelewa mno. Mfungwa aliyekwisha kupewa matumaini si rahisi kumweleza habari za mipaka ya kesi.

Kuandika upya kifungu chenyewe ni kazi ya Bunge. Ndiyo sababu majaji waliagiza hukumu yao ipelekwe kwa Maspika wa Bunge la Taifa na Seneti, Mwanasheria Mkuu na Tume ya Marekebisho ya Sheria, kama jambo la dharura.