Je, wajua kwa nini mwili wa mtu kwenye picha ya sanaa unaweza kuonekana kama kilima cha mchanga?

Kuna picha ukiiona mara ya kwanza unaapa ni jangwa. Mstari mmoja mrefu umepinda, upande huu unang'aa, upande wa pili umezama gizani, unasema hiki ni kilima cha mchanga jua likizama, halafu unasogeza macho karibu unaona vinyweleo na unagundua kumbe ni nyonga ya mtu. Hii inatokeaje, wakati mwili tunaishi nao kila siku na jangwa wengi wetu hatujawahi kulikanyaga?

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu langu na nililitoa kwa kujiamini kabisa. Nilisema kivuli kwenye picha za utupu za kisanaa kinafanya kazi ya kanga, yaani mpiga picha anaona haya, au anaogopa picha itakataliwa, basi anasitiri sehemu fulani kwa giza na hayo maumbo ya ajabu yanakuja tu yenyewe. Jibu linaingia akilini haraka, ndio maana lilikaa kwangu muda mrefu vile. Na kweli wapo waliotumia giza kusitiri, sikatai. Ila kama ndio maelezo ya kwa nini mwili unageuka kilima, ni jibu potofu, na aliyenitoa kwenye upotofu huo ni pilipili hoho.

Mwaka 1930 Mmarekani Edward Weston alipiga picha ya pilipili hoho aliyoipa jina la Pepper No. 30. Aliiweka ndani ya faneli ya bati, mwanga ukaingia na kudunda kwenye bati taratibu kuizunguka pilipili yote, na ikatoka kama mgongo wa mtu aliyejikunja, misuli na kila kitu. Miaka sita baadaye akapiga picha vilima vya mchanga vya Oceano, California, na mwaka huohuo akampiga picha Charis Wilson, modo wake aliyekuja kuwa mke wake, akiwa mtupu juu ya mchanga uleule. Ziweke picha hizo pamoja: kivuli ni kilekile. Sasa pilipili hoho ina aibu gani ya kusitiriwa? Kwenye picha yake nyingine ya 1936, Charis amekaa mlangoni magoti juu, mikono imezunguka miguu, kichwa ameinamisha. Kinachomsitiri pale ni mkao. Kivuli kimelala pembeni ya mkono na chini ya paja, kinafanya kazi nyingine kabisa.

Kazi yenyewe ni hii, na unaweza kuiona mezani kwako usiku wa leo. Chukua yai, zima taa, washa tochi ya simu na ulimulike yai ukiwa umeishika simu karibu na jicho lako. Unaona duara jeupe, bapa kama sahani. Sasa peleka simu ubavuni, mkono mzima kushoto, bila kugusa yai. Ghafla yai limejaa! Limekuwa mviringo, lina tumbo, lina mgongo, unatamani kulishika, na hakuna kilichobadilika isipokuwa mahali mwanga unapotokea.

Kwa nini? Mulika tochi ukutani moja kwa moja, utapata duara dogo kali. Iinamishe, lile duara linarefuka na kufifia, kwa sababu mwanga uleule sasa umetandazwa kwenye eneo kubwa zaidi, kama chai ya vikombe viwili uliyoigawa kwenye vikombe vinne kwa kuongeza maji. Mwanahisabati Johann Heinrich Lambert aliiandikia kanuni mwaka 1760: uso ulioinama nyuzi 60 kutoka kuutazama mwanga unapata nusu tu ya kile ambacho ungepata ukiutazama moja kwa moja. Kwa hiyo bega linapojipinda kuukimbia mwanga linapita toka nyeupe kwenda kijivu kwenda nyeusi, hatua kwa hatua, na kila kiasi cha kijivu ni taarifa ya mteremko. Jicho linaisoma taarifa hiyo bila sisi kufundishwa. Fundi rangi anaijua siku zote: akitaka kuona kama ukuta umenyooka hamuliki kwa mbele, analaza taa ubavuni mwa ukuta, na kila kibonde kinajitokeza. (Ngozi inayong'aa, yenye mafuta au jasho, haifuati kanuni hiyo sawasawa, inarudisha mng'ao mkali sehemu moja, lakini mpangilio kwa ujumla unabaki.)

Ubongo nao una tabia ya kudhani mwanga unatoka juu. Geuza picha ya nyayo za mchangani juu chini na mara nyingi mashimo yanageuka matuta. Mpiga picha akimulika mwili kutoka chini au akigeuza picha, mbonyeo wa mgongo unaweza kusomeka kama ukingo, na hapo mtu anapotea kabisa.

Lakini kivuli peke yake kinakupa uvimbe na mbonyeo, hakikupi jangwa. Kinachobaki ni kukata. Ondoa uso, viganja na nyayo, ondoa rangi ya ngozi, na huna tena kitu cha kukuambia ukubwa: mstari ule unaweza kuwa na urefu wa sentimita thelathini au kilomita tatu. Nadhani, na hapa nasema kama mtazamaji tu, tunachagua kilima kwa sababu picha nyingi za vilima tulizoziona zilipigwa jua likiwa limelala, wakati mwanga unafanya kilekile ulichokifanya kwenye yai.

Mpiga picha Bill Brandt, aliyezaliwa Hamburg mwaka 1904 na kufanya kazi Uingereza, alipita njia ya kinyume, na ndiye ananishangaza zaidi. Alianza na kamera ya zamani ya mbao ya Kodak yenye lenzi pana sana, ya aina iliyotumiwa na polisi kupiga picha za mahali pa tukio. Ukiisogeza karibu, goti linakuwa kubwa kuliko kichwa. Wakati wa kuchapa picha zake za baadaye akatumia karatasi kali inayoua kijivu, kwa hiyo ngazi zote nilizozieleza hapo juu akazivunja makusudi, ikabaki nyeupe tupu na nyeusi tupu. Kwenye picha yake ya pwani ya East Sussex ya mwaka 1957 sikio limelala mbele ya kamera kwenye changarawe, kubwa kama jabali, na huku nyuma ni bahari. Uvimbe umepungua, umbo limebaki, na bado unasoma mwamba.

Na Weston, je? Ile picha ya mlangoni watu wameisifia kwa miaka na miaka, lakini Charis aliandika baadaye kwamba Weston mwenyewe hakuwahi kuridhika na kivuli cha kwenye mkono wa kulia. Yeye Charis alikerwa na mstari wa nywele uliopinda na vibanio vinavyoonekana.