GABA haivuji tu yenyewe, inapakiwa kwanza

Juzi nipo Mwanjelwa nasubiri daladala ya Uyole, kijana mmoja anawaelezea wenzake eti ubongo una kemikali ya kutuliza inaitwa GABA, ukipumzika inavuja yenyewe kwenye seli na kuusinzisha ubongo mzima. Jamani hapana, hapo kwenye kuvuja ndo wengi tunapotea.

GABA inatengenezwa ndani ya seli ya neva kutoka kwenye glutameti, kemikali nyingine ya ubongo, halafu kuna protini inaitwa VGAT inaisukuma kuingia kwenye vifuko vidogo mno, upana kama nanomita 40 hivi, yaani fikiria vibarua wanavyojaza viazi kwenye magunia shambani kabla fuso halijafika. Vifuko vikijaa vinakaa ukingoni vinasubiri. Umeme wa neva ukifika, milango ya kalsiamu inafunguka, kalsiamu inaingia, kifuko kinaungana na ukuta wa seli na kumwaga GABA nje, hapo hata sekunde haijaisha. Inamfikia jirani wa karibu, yaani seli ya neva inayofuata, kwa kawaida inamfungulia milango ya kloraidi, na huyo jirani anakuwa mzito kurusha umeme wake. Iliyobaki inazolewa na protini nyingine, mfano GAT-1, inarudishwa ndani.

Na sio mambo ya usingizi tu, hata sasa hivi unavyosoma hizo seli zipo kazini, ni kama lori linaloshuka mlima Kitonga, dereva yuko macho kabisa lakini mguu uko kwenye breki. Hiyo breki ikilegea sana mtu anaweza kupata degedege.