Timu ya besiboli ikimwachia nyota wake Julai, imekata tamaa?

Kila mwisho wa Julai, dirisha la kubadilishana wachezaji katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani linapokaribia kufungwa, mashabiki wengi wa timu zinazoburura mkia huamini kwamba kumwachia nyota ni ishara ya uongozi kukata tamaa. Inaeleweka. Nani anafurahia kumwona kipenzi chake na jezi ya wapinzani?

Ila tazama mkataba kwanza. Mchezaji aliyetimiza miaka 6 katika ligi hiyo, mkataba wake ukiisha, yuko huru kwenda atakako. Tuseme timu imeachwa nyuma na vinara kwa tofauti ya mechi 15, na mrushaji mpira wake bora amebakiza miezi 2 tu ya mkataba. Akibaki, msimu ukiisha anaweza kuondoka, timu ikaambulia fidia ndogo au patupu. Akibadilishwa sasa, wanakuja vijana wawili watatu wa miaka 19 au 20 kutoka ligi za chini, ambao timu itakuwa nao kwa miaka mingi kwa mishahara midogo.

Vijana hao si dhamana, tukubaliane. Wengi wa ligi za chini hawafiki juu kamwe.

Unaweza kupima mwenyewe: aliyeondoka alibakiza mkataba wa muda gani? Walioingia wana umri gani, na wanacheza ngazi ipi ya ligi za chini? Kama aliyeondoka alikuwa na miaka 3 mbele yake na aliyekuja ana miaka 33, hapo shabiki ana haki ya kununa.