Kusoma Usiku wa Mwisho: Maswali ya Wanafunzi na Wazazi wa Tanga

Kila mwaka mtihani wa kidato cha nne wa Novemba unapokaribia, chumba chetu cha ushauri hapa Tanga hujaa vijana wenye malalamiko yanayofanana: moyo kwenda mbio, kichwa kugonga, tumbo kuwaka, usingizi kutoweka. Wengi huomba kupimwa malaria. Vimelea visipoonekana, huwa tunawauliza wameanza kusoma lini, na hapo ndipo huinamisha vichwa.

Kuahirisha masomo ni nini?

Ni kuchelewesha kwa hiari kazi uliyokusudia kuifanya, huku ukijua kwamba ucheleweshaji huo utakudhuru. Aliyeacha kusoma kwa sababu anamuuguza mama yake hahusiki hapa.

Je, huo si uvivu tu?

Hapana. Mvivu haiwazi kazi yake, ilhali mwenye kuahirisha hulala nayo na kuamka nayo. Hulifungua daftari la hisabati, akakumbuka alama alizopata kwenye mtihani wa majaribio, akashikwa na hofu au aibu, akalifunga na kuchukua simu. Nafuu huja papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo inayomfundisha kukimbia tena kesho. Wengine hawashiki hata simu: siku ya kuandika insha hufua nguo za nyumba nzima, na mama humsifu kwa bidii, asijue kwamba mwanawe anajificha kwenye beseni.

Mimi hufanya vizuri zaidi nikibanwa na muda. Kuna ubaya gani?

Hufanyi vizuri zaidi. Unamaliza tu, na kumaliza ni jambo jingine. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani, Dianne Tice na Roy Baumeister, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanafunzi wa chuo kikuu katika muhula mzima. Mwanzoni wenye kuahirisha walikuwa na msongo mdogo na dalili chache za maradhi kuliko wenzao, jambo linaloeleza kwa nini tabia hii ni tamu. Mwishoni mwa muhula waliugua na kusongeka zaidi, kiasi kwamba hesabu ya muhula mzima ilikuwa mbaya kwao, na alama zao zilikuwa chini.

Mbona nilikesha kidato cha pili na nikafaulu?

Ulifaulu licha ya kukesha. Naomba nilirudie hili kwa sababu ndilo tunalolisikia kila siku: kukesha hakukusaidii. Ubongo huimarisha ulichojifunza wakati umelala, na kijana wa umri wako anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Anayekesha hujinyima sehemu ya kusoma ambayo haihitaji jasho lolote, kisha huingia chumba cha mtihani akisoma swali moja mara tatu bila kulielewa. Wewe unayesema umezoea, jibu ni lile lile: hakukusaidii.

Na kahawa, au vinywaji vya kuongeza nguvu?

Muda wa saa tano hivi ukipita tangu unywe, karibu nusu ya kafeini uliyokunywa bado imo mwilini, kwa hiyo uliyoinywa saa nne usiku ingali inakusumbua saa tisa. Kahawa chungu ya vijiwe vya Ngamiani haimdhuru mtu mzima mwenye afya anayekunywa kikombe chake alasiri. Kijana anayefuatanisha makopo matatu usiku ndiye anayeletwa kwetu akitetemeka. Mirungi hairuhusiwi kisheria, hupandisha shinikizo la damu, na sitaki kuisikia ikiitwa dawa ya mtihani.

Nimemchapa, nimemnyang'anya simu, na habadiliki. Nifanye nini?

Mzazi wangu, mtoto anayekimbia hofu umemwongezea hofu nyingine. Mithali ya liwezekanalo leo lisingoje kesho anaijua kwa moyo, na kumsomea tena hakumpi pa kuanzia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kutoka Kanada ulionyesha kwamba wanafunzi waliojisamehe kwa kuahirisha kujiandaa na mtihani wa kwanza walipunguza kuahirisha walipojiandaa na mtihani uliofuata. Basi mwacheni asamehewe, kisha pangeni naye jambo dogo lenye saa na mahali: baada ya swala ya alasiri, mezani barazani, maswali matatu ya kwanza, simu ikiwa kwa mama. Akimaliza matatu akataka kuacha, aache. Kesho ataanza kwa uzito mdogo kuliko leo.

Ni wakati gani wa kumleta kwa mtaalamu?

Mapema kuliko mnavyomleta sasa. Kijana aliyepoteza raha ya vitu alivyovipenda, anayeshindwa kula au kulala, au anayejiona hana thamani, na hali hiyo ikadumu wiki mbili, huenda ana sonona, na sonona ina tiba. Tunachoambiwa ni kwamba walisubiri mtihani upite, kisha wakasubiri matokeo, na mtoto anafika kwetu Februari akiwa amekonda na haongei. Msisubiri mtihani upite, wala msisubiri matokeo. Akitamka kwamba anatamani kufa, hata kwa sauti ya mzaha, msimwache peke yake, na mleteni kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama kesho yake ana mtihani.