Baada ya Hedhi Kukoma: Dodoso Hupima Nini Hasa?

Mwanamke aliyekoma hedhi anapofika kliniki, mengi hupimwa bila yeye kufungua kinywa: shinikizo la damu, sukari, uzito, uimara wa mifupa. Lakini joto linalompanda ghafla kutoka kifuani hadi usoni, jasho linalolowesha shuka, usingizi wa mang'amung'amu, hasira za karibu, ukavu ukeni unaogeuza tendo la ndoa kuwa maumivu, hayo hayana mashine. Hata kipimo cha homoni hakisaidii sana hapa. Wanawake wawili wanaweza kuwa na kiwango kilekile cha estrojeni, mmoja akalala fofofo na mwenzake akaamka mara tatu kubadili nguo. Mwenye habari ni yeye mwenyewe, na dodoso ni njia ya kumuuliza kwa mpangilio, ili majibu ya leo yaweze kulinganishwa na ya miezi mitatu ijayo.

Komahedhi huthibitishwa kwa kutazama nyuma: miezi 12 mfululizo bila hedhi, pasipo sababu nyingine kama ujauzito au dawa. Wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55.

Watu huamini kwamba dodoso hupima afya. Kwa kweli hupima kile kilichoulizwa tu, na historia yake inaonyesha hivyo. Kipimo kilichotamba kwa miongo mingi, kile cha Kupperman cha miaka ya 1950 nchini Marekani, kilikuwa na dalili 11. Daktari ndiye aliyeandika alama, kisha zikazidishwa: za joto la ghafla mara 4, za kukosa usingizi mara 2, na nyingine nyingi zikabaki kama zilivyo. Kwa nini mara 4 na si mara 3? Hakukuwa na hesabu za kitakwimu za kuutetea uzito huo. Kibaya zaidi, ukavu wa uke na kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa havikuwamo kabisa. Mwanamke aliyeteseka kwa hayo alipata sifuri, na kwenye karatasi akaonekana mzima.

Madodoso yaliyofuata yalimpa kalamu mwanamke mwenyewe. Mojawapo linalotumika sana leo, MRS (Menopause Rating Scale, yaani kipimo cha dalili za komahedhi), lilianzia Ujerumani miaka ya 1990. Nalo lina vipengele 11, kila kimoja kikipewa alama 0 hadi 4, hivyo jumla haizidi 44. Limegawanyika mara tatu: dalili za mwili, za hisia, na za uke na mkojo. Mgawanyo huo ndio ninaoutazama kwanza, kabla ya jumla. Chukua wanawake wawili wenye alama 12 kila mmoja, kiwango kinachohesabiwa kuwa cha wastani. Wa kwanza amezipata zote kwenye ukavu wa uke, kibofu na tendo la ndoa. Huyu huenda akapona kwa krimu ya estrojeni inayopakwa ukeni. Wa pili amezipata kwenye huzuni, wasiwasi, hasira na uchovu. Krimu hiyo haimhusu, anahitaji kuangaliwa kama ana sonona. Ukiwaandikia wote "12" na kufunga faili, umepoteza ulichokwenda kukitafuta.

Kuwa na dalili na kusumbuliwa nayo pia ni mambo mawili. Dodoso la MENQOL, lililotungwa Kanada na kuchapishwa mwaka 1996, huuliza kwanza kama jambo limekutokea mwezi uliopita, halafu ndipo likuulize limekukera kiasi gani. Wapo wanaopata joto la ghafla kila siku na hawajali. Hao hatuna haja ya kuwasukumia dawa.

Tena yako madodoso ya jumla, yasiyotaja komahedhi popote. SF-36 hugusa nyanja nane za maisha. WHO-5 lina sentensi tano tu kuhusu wiki mbili zilizopita, mathalani kama uliamka ukiwa umepumzika. Alama hujumlishwa na kuzidishwa kwa 4 kufikia 100. Ni mazuri, ila yana mipaka. Mwaka 2003 watafiti wa WHI (Women's Health Initiative), mradi mkubwa wa afya ya wanawake wa Marekani, walitoa matokeo ya wanawake 16,608 wenye umri wa miaka 50 hadi 79, waliopewa ama estrojeni pamoja na projestini (homoni nyingine ya kike), ama kidonge kisicho na dawa. Ulipopimwa kwa dodoso la jumla la aina hii, ubora wa maisha haukuonyesha nafuu ya maana. Wengi wakahitimisha kuwa homoni hazisaidii kitu. Lakini wastani wa umri wao ulikuwa kama miaka 63, na wengi hawakuwa wakisumbuliwa na joto la ghafla. Asiyewashwa utampimaje nafuu ya kujikuna?

Kidonge hicho kisicho na dawa nacho kina kisa chake. Majaribio yaliyokusanywa pamoja yameonyesha kuwa wanaokinywa huripoti vipindi vya joto vikipungua kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo ukiona tangazo la dawa ya mitishamba linalosema alama za wateja zilishuka nusu, uliza zilishuka kiasi gani kwa wale ambao hawakuinywa.

Halafu kuna lugha. Ukimuuliza mwanamke kwa Kiswahili "unapata joto?" anaweza kukujibu kuhusu homa, au kuhusu hali ya hewa. "Moyo kwenda mbio" yaweza kuwa mapigo, yaweza kuwa hofu. Ndiyo maana dodoso likishatafsiriwa hupewa mtu mwingine alirudishe katika lugha ya asili, kisha husomewa wanawake wenyewe waeleze walichoelewa.

Ukipewa la kujaza, zingatia muda uliotajwa, wiki mbili au mwezi, wala usijibu kwa kukumbuka mwaka mzima. Maswali ya chumbani usiyaruke kwa haya. Omba ujaze ukiwa peke yako. Mtaje daktari ugonjwa mwingine ulio nao, kwa sababu tezi ya shingo ikizidisha kazi huleta jasho na mapigo ya moyo yanayofanana kabisa na ya komahedhi. Na ukitokwa na damu ukeni baada ya mwaka mzima bila hedhi, hata tone, usingoje dodoso. Nenda ukachunguzwe.