Kwa nini koili ya chuma ya tani 20 huchomoka kwenye lori, nzito vile?

Koili ni bati refu lililoviringishwa, linaloshushwa bandarini Dar es Salaam au Mombasa na kupelekwa viwanda vya mabati. Ya tani 20, yenye upana wa mita 1.2, kimo chake ni kama mita 1.7 tu. Ukiiona peke yake juu ya tela refu utadhani lori halijajaa, na wapo madereva na utingo wanaoamini kwamba uzito ule unatosha kuituliza.

Hautoshi. Uzito unaoikandamiza koili kwenye bodi ndio huohuo unaoisukuma mbele breki zikikamata. Kwa breki kali, wataalamu wa kufunga mizigo hukadiria msukumo wa asilimia 80 ya uzito, yaani tani 16. Chuma juu ya chuma chenye mafuta au maji, msuguano ni asilimia 20 hivi: tani 4. Tani 12 hazina wa kuzizuia. Tandika mpira wa kuzuia utelezi, msuguano unapanda hadi asilimia 60 na deni linabaki tani 4.

Mikanda ya racheti, ile ya kitambaa inayokazwa kwa mpini? Hapa wengi hudanganywa na lebo. Kilo 2,500 zilizoandikwa pale ni mzigo ambao mkanda unaweza kuvuta, si nguvu unayokandamiza nayo. Ukiupitisha juu ya koili na kuukaza kwa mkono hadi kilo 400, pande zote mbili zinakandamiza kilo 800, na kwenye bodi tupu la chuma hizo zinaongeza kizuizi cha kilo 160 tu. Kulipa tani 12 ungehitaji mikanda 75.

Ndiyo maana koili hufungwa kwa minyororo inayopita kwenye tundu lake na kuvuta kwa mshazari kuelekea nyuma. Mnyororo wa milimita 10 wa daraja la 8 (kiwango cha uimara wa chuma chake) hubeba kilo 6,300. Penye kona wekea kinga, la sivyo ukingo wa koili unaharibika na kiwanda kinaikataa.

Tundu litazame mbele na nyuma. Likitazama ubavuni, umemwekea dereva gurudumu la tani 20 nyuma ya kisogo. Tundu likitazama mbele, koili itataka kubiringika kando, kwa hiyo hulazwa kwenye kitako chenye miteremko miwili ya nyuzi 35 hivi, huku tumbo lake likiwa juu ya bodi kwa angalau milimita 20. Tumbo likigusa bodi, miteremko hiyo ni mapambo. Mbele yake simamisha nguzo za chuma.

Halafu kuna mizani. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu hadi tani 56 kwa gari zima, kutegemea idadi ya ekseli, lakini ekseli mbili za kichwa zenye tairi pacha mwisho wao ni tani 18. Koili ikisogezwa mbele mno, utakamatwa hata kama jumla iko sawa.

Mbao za kitako hujibana safarini na minyororo hulegea. Kanuni za Marekani zinataka ikaguliwe ndani ya kilomita 80 za kwanza. Anayetoka Dar anaweza kuikaza tena akisimama mizani ya Vigwaza. Anayeelekea Iringa ahakikishe pia kuna jozi ya minyororo inayovuta mbele, maana lori likiondoka kwa kishindo katikati ya mlima Kitonga, koili huteleza kinyumenyume.