Je, wajua kwa nini ulinzi wa mtandao huanza na orodha?

Machi 2017 ilitangazwa kwamba Apache Struts, programu inayotumika kutengenezea mifumo ya wavuti, ina tundu la hatari, na toleo lililorekebishwa likatolewa. Siku mbili baadaye Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza kumbukumbu za mikopo, iliwaandikia barua pepe wafanyakazi zaidi ya 400: anayetumia programu hiyo airekebishe ndani ya saa 48. Mtaalamu aliyejua kwamba inatumika hakuwa miongoni mwa walioandikiwa. Mwezi Mei wadukuzi wakapenya, na taarifa za watu wapatao milioni 147 zikachukuliwa.

Baraza la Seneti lilipochunguza, lilikuta kampuni haina orodha kamili ya mali zake za TEHAMA. Dawa ya tundu ilikuwepo. Hawakujua waipake wapi.

Ndiyo maana CIS Controls, mwongozo wa hatua za kulinda mifumo ya kompyuta, unaweka orodha ya vifaa kuwa hatua ya kwanza na orodha ya programu kuwa ya pili. Ila mali ya taarifa si kompyuta na seva tu. Ni pia hifadhidata, nakala rudufu, akaunti za huduma za mtandaoni, hata lile faili la mishahara ambalo mtu alilinakili kwenye kompyuta yake mwaka juzi akalisahau. Mdukuzi akilipata hilo, hana haja ya kuhangaika na hifadhidata yenyewe.

Kwenye rejista, yaani orodha hiyo ya mali, kila mali huandikwa ni nini, ipo wapi, ina usiri wa kiwango gani, inatumia toleo gani la programu na nani anawajibika nayo. Kwangu mimi, safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko zote, na ndiyo inayojazwa ovyo: "Idara ya TEHAMA" kuanzia juu hadi chini. TEHAMA wanatunza seva, sawa, lakini anayejua nani anastahili kuona mishahara ni idara ya rasilimali watu. Kiwango cha kimataifa cha usalama wa taarifa, ISO/IEC 27001 cha 2022, nacho kinataka wenye mali watajwe.

Rejista huchakaa haraka. Iunganishwe na manunuzi, na utaratibu wa mfanyakazi kuondoka kazini, na ukaguzi wa mara kwa mara wa mtandao. Kikionekana kifaa kisichomo, atafutwe mwenyewe siku hiyohiyo, asipopatikana, kizimwe.